Mwanangu, feni ya chuma au ya rimoti?

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Kibokoni, Mombasa, tu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza kama nikutolee feni moja ya dari katika zile za zamani za chuma nilizoweka stoo uipeleke kwenye nyumba yako ya Bamburi, au ununue mpya ya rimoti uliyoiona dukani Digo Road. Mama yako naye kadakia, eti kwa nini nimejaza nyumba vyuma vya watu. Lake nitamjibu mwenyewe hapa hapa.

Chumba cha kulala nunua mpya. Sebuleni chukua ya chuma. Lakini kabla ya yote nijibu: hiyo dari yako ni zege tupu au wamepiga jipsamu? Nyumba za siku hizi zinapambwa kwa jipsamu chini ya zege, na fundi mvivu huona taabu kutoboa hadi juu. Jipsamu haibebi feni hata siku moja. Ndoano sharti ishike zege yenyewe, au boriti. Feni za nyumba hii zimeshikwa na boriti za mikoko tangu enzi za babu yako. Ukiona fundi anatafuta skrubu fupi, mlipe nauli yake aende zake.

Sasa hizi za chuma. Ya mwisho niliyopata ni ya kampuni ya Crompton, nimeinunua kwa muuza vyuma chakavu nyumba moja ya Mji wa Kale ilipokuwa ikibomolewa. Kwa nje ilikuwa kutu tupu. Kabla sijatoa pesa nikaizungusha kwa kidole, ikaenda kimya na kusimama polepole, bila kukwama. Nikashika mhimili nikautikisa juu chini, haukucheza. Kisha nikaweka pua kwenye matundu ya mota nikanusa. Koili iliyoungua haifichiki, ina harufu kali ya rangi iliyobabuka, na hiyo ukiisikia iache hapo hapo hata ukipewa bure. Hii haikunuka kitu. Nilipoifungua nyumbani nikakuta waya wa shaba na vanishi yake nzima. Feni nyingi za bei ya chini leo zimesukwa kwa waya wa aluminiamu, ndiyo maana ukizibeba unaona ni nyepesi mno. Shaba ikiungua, fundi wa Mwembe Tayari atakusukia upya. Aluminiamu wengi wao hawataki hata kuigusa.

Cherehani ya bibi yako pale ukumbini ina udugu na vyuma vyangu. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi kampuni ya Singer, ndiye aliyetwaa mota ya umeme aliyoitengenezea cherehani akaifunga mapanga na kuitundika darini, miaka ya 1880. Mwambie mama yako hilo, huenda likanisaidia.

Kwa nini basi chumbani nakwambia mpya? Kwa sababu ya tokeni za stima. Feni ya kawaida inakula wati 75 hivi. Hizi mpya za mota ya DC zenye sumaku zinakula kama 30. Siku za maleleji, kaskazi imekata na kusi haijashika, feni ya chumbani inazunguka saa 12 bila kupumzika. Piga hesabu: ya zamani yuniti 27 kwa mwezi, mpya 11. Halafu haivumi, utalala. Ubaya wake ni kile kibao cha saketi ndani. Stima ikienda na kurudi kwa kishindo kinaungua, na hewa ya chumvi ya Bamburi haikihurumii. Kwa hiyo usinunue mpaka muuzaji akuonyeshe kibao cha akiba cha feni hiyo hiyo, kiko dukani. Akianza kusema "kitaagizwa", ondoka. Na usiifunge kwenye regileta ya ukutani. Ifunge kwa swichi tu, rimoti ndiyo inayopunguza mwendo.

Ya sebuleni itahitaji regileta. Lile boksi kubwa la zamani linalopata moto silo. Likipunguza mwendo, sehemu ya stima inaishia kuwa joto ndani ya boksi. Tafuta ya hatua hatua inayotumia kapasita, kile kidude kinachohifadhi umeme kidogo. Zile za kuzungusha kidogo kidogo huifanya feni ivume mwendo ukiwa mdogo.

Usidanganywe na maneno ya "mwendo kasi" kwenye boksi. Soma inasukuma mita ngapi za ujazo wa hewa kwa dakika. Feni ya inchi 48 ikisukuma zaidi ya 200 ni nzuri, na inatosha chumba cha futi 12 kwa 12. Sebule yako nadhani itataka inchi 56. Mapanga yawe futi 7 au zaidi kutoka sakafuni, na yaachane na dari kama futi moja. Watu hukata fimbo inayoning'iniza feni ili ipendeze juu kule, matokeo yake haipati hewa ya kuvuta, inabaki kuzunguka bure na nyinyi mnatoka jasho. Na ukitoka chumbani izime. Feni haipoozi chumba, inakausha jasho lako. Pasipo mtu hakuna inachofanya.

Matunzo si mengi. Vumbi la pwani lina chumvi, linaganda, kwa hiyo usisubiri usafi wa kuingia Ramadhani. Chukua foronya kuukuu, livishe panga zima, kisha uivute. Vumbi linabaki ndani na kitanda hakichafuki. Kitambaa kiwe na unyevu tu, maji yasifike kwenye mota.

Ikianza kuzunguka kivivu, au inangoja uisukume kwa fimbo ya ufagio ndipo iondoke, karibu kila mara ni kapasita imechoka. Ni kitu cha bei ndogo. Soma namba iliyoandikwa, mara nyingi 2.5, na uweke ile ile. Kuna fundi mmoja alimwekea jirani yetu kubwa zaidi "ikimbie", koili ikaungua. Ikipiga kelele ya kusaga ni beringi zimekwisha, na kwa huko ufukweni itisha zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili.

Ikiyumba, pima kwa rula kutoka ncha ya kila panga hadi darini, ukiyaleta moja moja mahali pale pale. Lililopinda litajionyesha. Yakiwa sawa yote, bandika sarafu ya shilingi juu ya panga kwa selotepu, jaribu moja baada ya jingine mpaka itulie.

Jambo ambalo sitaki ulimwachie fundi: kila mwaka zima swichi kubwa, panda ngazi, utazame ile bolti inayoshika fimbo kwenye ndoano. Ina pini iliyopasuliwa mkia, nayo mikia yake sharti iwe imekunjwa huku na huku. Ikiwa imeliwa na kutu, badilisha siku hiyo hiyo. Mpira wa pale juu ukipasuka, badilisha pia.

Nitumie picha ya dari na vipimo vya sebule. Ukija kuchukua feni njoo na mtu wa kukusaidia. Mota ni nzito, lakini ya kushikwa kwa uangalifu ni mapanga. Yalipimwa uzito kiwandani yaende pamoja, na likipinda moja siwezi kukupa la feni nyingine. Nimeyaandika 1, 2 na 3 kwa chaki, na nimeandika hivyo hivyo kwenye mota pale yanapofungwa.

Babako