Kadi ni ya miaka miwili, mikono husahau mapema: kwa wanaoanza kazi ya ambulensi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye ambulensi mwaka huu, hongereni kwa vyeti. Kadi ya kuokoa uhai inayofuata mwongozo wa Shirika la Moyo la Marekani hudumu miaka miwili. Mikono haingoji hivyo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba ustadi wa kukandamiza kifua huanza kushuka ndani ya miezi michache tu baada ya kozi. Anayengoja kadi iishe ndipo arudi darasani hufanya kazi muda mrefu na ustadi uliochakaa, wala hajijui, maana kadi mfukoni bado ni halali.

Kwa hiyo jifunzeni kituoni, kidogo kidogo, mkiwa bado mnakagua gari mwanzoni mwa zamu. Ukifungua begi kuhesabu vifaa, unganisha mfuko wa kupumulishia na barakoa yake badala ya kuutazama tu na kuweka alama ya vema. Kama hakuna mdoli wa mazoezi, na vituo vingi vyetu havina, godoro lililokunjwa linatosha kufundisha mwendo: mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono imenyooka, ukiachia kabisa kila baada ya kubonyeza. Kina cha sentimita 5 hadi 6 godoro haliwezi kukufundisha. Hicho kitafute kwenye mdoli. Fanya dakika mbili kamili kwa simu inayohesabu muda. Wengi hushangaa jinsi dakika ya pili inavyochosha, na ndiyo maana mwongozo unataka mpokezane kila dakika mbili.

Dereva naye mwiteni. Usiku barabarani, mkiwa wawili tu, yeye ndiye mikono yako ya pili, na mara nyingi hakuna anayemkumbuka orodha ya mafunzo inapoandikwa.

Hesabu za dawa za watoto nazo huyeyuka upesi. Jipeni moja kila zamu. Mtoto wa kilo 12, moyo umesimama, una ampuli ya adrenalini ya miligramu 1 ndani ya mililita 1. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, yaani 0.12. Ongeza mililita 9 za maji ya chumvi upate miligramu 0.1 kwa kila mililita, kisha mpe mililita 1.2 kwenye mshipa. Ukiifanya ukinywa chai utaikumbuka mama akilia.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko yote. Kujinoa hakuishii kwenye kukumbuka ulichofundishwa, kwa sababu sehemu ya ulichofundishwa itaachwa. Mfano mkubwa ulitoka hapa kwetu. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu alipewa maji mengi ya dripu kwa haraka. Ilionekana jambo la wazi kabisa. Kisha ukafanyika utafiti uitwao FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3,000. Matokeo yalitoka mwaka 2011: kati ya waliopewa maji ya haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48, kati ya wasiopewa, kama 7. Sisi tunaopita Kilifi na wagonjwa tuna jibu lililopatikana mlangoni petu, na bado utamkuta mtu anaifungua dripu yote kwa sababu ndivyo alivyofundishwa chuoni.

Lakini someni hadi mwisho. Watoto wanaoharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti ule. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake atamnyima maji mtoto aliyekaushwa na kuhara, na huyo atamuua kwa kosa la upande wa pili. Kila mkisikia jambo limebadilika, ulizeni limebadilika kwa mgonjwa gani.

Yapo mengine. Ubao mgumu wa mgongo, uliokuwa wa kila majeruhi wa bodaboda, sasa ni wa kumtoa na kumhamisha, si wa kumlaza safari nzima. Tonikweti, mkanda wa kubana mguu au mkono ili kuzuia damu, iliyokuwa ya mwisho kabisa, sasa hufungwa mapema mguu ukimwaga damu. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, humfaa majeruhi anayevuja damu akiipata ndani ya saa 3 tangu aumie, kwa hiyo saa ya ajali iandikeni kwenye fomu hata kama ni hospitali mtakakompeleka ndiko atakakopewa dawa hiyo. Na mwongozo wa Marekani wa 2025 unasema mtu mzima aliyekabwa na chakula aanze na mapigo matano ya mgongoni, kisha misukumo mitano ya tumbo. Mwenye kadi ya zamani hakufundishwa hivyo.

Darasa ambalo halina ada ni kurudi hospitali kuuliza. Ulimleta mgonjwa ukidhani ni kiharusi. Kumbe sukari ilishuka. Usipouliza utaendelea kuamini ulichodhani. Muulize sista wa zamu kwa adabu, wakati kumetulia, na usimsumbue akiwa na wagonjwa watano mlangoni. Mkijadili kisa baadaye, ficheni jina na uso wa mgonjwa. Picha za majeruhi kwenye makundi ya WhatsApp si mafunzo hata zikiandikiwa maelezo ya kitaalamu, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Kozi za kulipia zipo nyingi na bei zake zinauma. Kabla ya kukopa, anzeni na kitabu cha kozi ya Huduma ya Msingi ya Dharura ya Shirika la Afya Duniani, cha 2018, kinachopatikana bure na kilichojaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia. Kinawahusu wenye vifaa vichache kama sisi: majeraha, kupumua kwa shida, shoki (damu kutofika mwilini vya kutosha), na fahamu iliyobadilika. Semina za hotelini za kukusanya pointi, zenye hotuba ndefu na mdoli mmoja kwa watu arobaini, mimi nisingezipa shilingi yangu.

Mtakutana na wakubwa wa kazi wanaofanya kwa njia ya zamani. Msibishane mbele ya mgonjwa. Utaratibu ulioandikwa wa huduma yenu ndio unaofuatwa hadi ubadilishwe, hata kama umesoma jipya jana usiku. Chapisheni ukurasa husika wa mwongozo, wekeni alama kwenye sentensi yenyewe, mpelekeeni daktari msimamizi, na mwombeni tarehe ya kulijadili.