Dadu ikishatupwa, iheshimu

Ndugu, umeuliza kama wewe, mwendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ulikosea kusema dadu ya adui, yenye pande 20, imetoka 12 wakati ilitoka 20, ili mchawi anayechezwa na mchezaji mgeni asife kwenye pambano lake la kwanza. Nakuelewa kabisa, maana mgeni akifiwa na mhusika mapema hivyo anaweza asirudi tena. Hata Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, katika mwongozo wa Dungeons & Dragons wa 1979, alimpa mwendesha mchezo haki ya kutengua dadu. Lakini mimi nilishaacha.

Nilifanya hivyo miezi kadhaa, hadi wachezaji wangu wakagundua kwamba hawafi. Wakaacha kukimbia, wakaacha hata kupanga. Iliniuma sana.

Tatizo lako liko kabla ya dadu. Katika toleo la tano la mchezo, la 2014, mchawi wa ngazi ya kwanza mara nyingi ana pointi 7 tu za uhai. Goblini, yaani zimwi dogo, akipata 20 anaweza kutoa madhara hadi 14: saba zinamwangusha, saba zinazobaki zinamuua papo hapo. Na 20 si ajali ya nadra, ni 5% kwa kila shambulio.

Kwa hiyo punguza goblini, au amua mapema kwamba wanataka mateka, si kuua, na uwaambie wachezaji hivyo. Kisha ondoa kiwambo kinachoficha dadu zako, tupa dadu mbele ya wote. Meza nzima itanyamaza ikiisubiri itulie, na huyo mgeni wako atakuwa wa kwanza kusimama.