Dashibodi mpya kwenye pikapu ya zamani ya dizeli
Kuingia, dashibodi mpya itaingia, ukichomelea upya mabano ya nguzo ya usukani. Kinachosumbua ni geji, yaani vipimo vya mbele ya dereva. Pikapu ya zamani huendesha spidomita kwa kebo kutoka giaboksi, dashibodi mpya inataka sensa ya umeme. Ifunge pale kebo ilipotoka. RPM (kasi ya mzunguko wa injini)? Kwenye petroli ishara hutoka kwenye koili ya kuwashia, lakini dizeli haina koili hiyo, kwa hiyo vuta waya kutoka tominali W ya alteneta, inayotoa mapigo ya umeme kadiri inavyozunguka. Sensa za joto na tangi zilingane na geji mpya, la sivyo mshale utakudanganya. Taa ya chaji ndiyo wengi huisahau: alteneta nyingi za zamani huamshwa na mkondo unaopita kwenye balbu hiyo. Ikiwa taa mpya ni LED, ambayo hupitisha mkondo mdogo mno, funga sambamba nayo rizista ya omu 50, wati 5, ama betri haitachajiwa.