Akijituma, Utajuaje?

Wiki hii nimepata ujumbe mrefu wa msomaji, meneja mwenzetu, akimlalamikia mfanyakazi wake: "Nimemwambia mara ngapi ajitume, habadiliki." Anataka nimsaidie kuandika barua ya onyo. Nikamuuliza swali moja tu: akijituma, utajuaje? Mpaka sasa kimya.

Nasema haya kwa uchungu, maana yamenikuta. Nikiwa bado mfanyakazi wa ngazi ya chini, niliingia kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka nikijua nakwenda kusifiwa. Kazi zangu zilitoka kwa wakati, wateja walikuwa wakiniulizia kwa jina. Bosi akanisogezea fomu. Kwenye sehemu ya maoni yalikuwepo maneno mawili: "Hana ubunifu." Alama, wastani. Nikauliza ni ubunifu gani uliotakiwa. Akafunika kalamu yake taratibu, akasema, "Mtu wa kiwango chako alitakiwa ajue." Nyongeza ya mshahara ikanipita hivyo hivyo. Kusema kweli, sijamsamehe.

Nilipokabidhiwa timu yangu mwenyewe niliapa kwamba hakuna atakayeshtukizwa kwenye chumba cha tathmini. Na bila kujisifu (haya, nijisifu kidogo), ilifika mahali idara nyingine zinaomba kuazima watu wangu. Nilichofanya ni kimoja: kila mtu aweze kujipima mwenyewe kabla mimi sijampima.

Chukua ripoti ya mauzo. "Nataka ripoti nzuri, na mapema" ni maneno ya hewani. Mimi nilikaa na mhusika tukaandika: ifike Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, isizidi kurasa mbili, kila namba ilinganishwe na ya wiki iliyotangulia, na mauzo yaliposhuka paelezwe sababu. Nikamwekea mezani ripoti ya zamani iliyotoka vizuri na nyingine iliyovurugika, anieleze mwenyewe zinatofautiana wapi. Kisha nikamwomba arudie makubaliano kwa maneno yake. Hapo ndipo mambo hujitokeza! Kurasa mbili, yeye alielewa bila majedwali; mimi nilimaanisha na majedwali yote. Tungekuja kulaumiana bure.

Wala si maoni yangu tu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, aliandika tangu mwaka 1968 kwamba lengo mahususi na lenye ugumu huleta matokeo bora kuliko kumwambia mtu afanye awezavyo. Sasa "jitume" yenu hiyo ina tofauti gani na "fanya uwezavyo"?

Ila msikimbilie namba mkasahau mengine. Benki ya Wells Fargo, hukohuko Marekani, iliwabana wafanyakazi kwa malengo ya mauzo mpaka wakawa wanafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 ikatozwa faini ya jumla ya dola milioni 185. Malengo yalikuwa wazi kabisa. Tatizo ni kwamba watu walibanwa wayafikie kwa vyovyote. Kwa hiyo muulize anayeifanya kazi: hili linafikika kwa njia halali, kwa muda na vifaa ulivyonavyo? Akisema hapana, msikilize kabla hujakunja uso.

Mameneja wenzangu, tuache hii tabia ya "anajua mwenyewe". Hajui. Umeajiri fundi, hukuajiri mganga wa kupiga ramli. Mwandikie, mwonyeshe mfano, mrudie kila baada ya wiki chache, tena si kwa kumvizia. Jambo la kumwambia mwezi wa tatu usilitunze hadi mwezi wa kumi na mbili.

Na vipaumbele vikibadilika katikati, mwambie siku hiyo hiyo, umtajie pia kazi ipi aiweke kando kwanza. Wengi wetu tunaongeza tu. Kazi mpya inapandishwa juu ya za zamani, halafu tathmini ikifika tunamuuliza mtu kwa uso mkavu kwa nini ile ya mwanzo haikukamilika.