Fundi wa Video Anajibu: Harusi ya GB 67

SWALI: Assalamu alaikum kaka. Mpiga video wa harusi ya mdogo wangu amenikabidhi GB 67, muda wa saa tatu hivi. Nataka kumpelekea shangazi yetu Lamu kwenye fleshi ya GB 16 aangalie kwenye TV yake ya zamani. Nilibana kwa programu ya simu, nikachagua "ndogo kabisa", nyuso zikatoka kama uji. Sasa nimeweka HandBrake, programu ya kubana video, kwenye laptopu na namba zake zinanichanganya. – Msomaji, Likoni

JIBU: Waalaikumu ssalaam dada. Umeanza na ukubwa wa faili, na hapo ndipo hata mimi nilipokwama miaka mingi. Programu hubana video kwa kutunza zaidi kile kinachobadilika kati ya fremu (picha moja moja zinazounda video) moja na inayofuata. Kwenye akidi, watu wameketi msikitini, habadiliki mtu. Kwenye vugo wanawake ishirini wanacheza na kila kitu kinatembea. Ukizigawia sehemu hizi mbili kiasi kilekile cha data kwa kila sekunde, akidi inasaza na vugo linalala njaa.

Kwa hiyo chagua ubora, ukubwa utajipanga wenyewe. Tafuta kitelezi cha RF, namba ya kupimia ubora. Angalia vizuri: namba ikipanda, ubora unashuka. Kwa video ya 1080p (yaani Full HD), HandBrake wenyewe wanashauri kati ya 20 na 24. Anza na 22.

Lakini usiijaribu kwa harusi nzima, utakesha. Bana dakika moja tu, iliyo ngumu kuliko zote. Mimi hutafuta palipo na sare ya leso. Juzi hapa Kibokoni nilijaribu dakika moja ya vugo: kwenye 22 jina la leso lilisomeka herufi kwa herufi, kwenye 26 herufi zikaanza kuvimba, kwenye 30 jina likawa doa jeusi na pindo likawa ukungu, na bibi harusi aliyetulia kitini bado alionekana mzuri tu! Ningemwangalia yeye peke yake, ningedanganyika.

Kuna mitindo miwili ya kubana: H.265, ule mpya, hutoa faili ndogo zaidi, ila TV ya shangazi huenda isiitambue. Baki na H.264, ule wa zamani, faili ya mp4. Idadi ya fremu iache kama ya kamera. Kasi ya kubana weka "Slow". Kubana kwa kadi ya picha ya kompyuta (GPU) ni haraka mno, lakini kwa ubora uleule faili hutoka kubwa. Laptopu itachemka, hasa na joto letu hili. Yangu huiinua juu ya vipande viwili vya mbao mbele ya feni.

Fleshi nayo ina vituko vyake. Nyingi huja na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Basi bana akidi, vugo na kupamba kila moja faili yake, na ikizidi igawe tena.

Zile GB 67 zitie kwenye diski ya nje, usizifute. Mimi za harusi ya dada yangu nilizifuta, nikabaki na kopi ndogo. Mwaka jana aliniuliza leso ya marehemu mama siku ile iliandikwa nini. Tukaikuza picha mpaka mwisho, tukaona doa.