Kwa nini uga wa sumaku hauiongezei elektroni kasi

Ndugu, umeuliza kwa nini elektroni inayoingia katika uga wa sumaku hupinda njia bila kuongeza kasi, ilhali uga wa umeme huweza kuiongezea. Sababu ni mwelekeo wa kani. Uga wa umeme huisukuma chembe kwa kufuata mstari wake, na hivyo huweza kuifanyia kazi; kani ya sumaku daima hukaa pembemraba na mwendo, kwa hiyo hubadili mwelekeo tu na nishati hubaki ileile. Kadiri momenta (tungamo mara kasi) inavyopungua, ndivyo njia inavyozidi kupinda.

Mfano ninaoupenda kuliko kanuni ya mkono wa kushoto (ile ya kukisia kwa vidole mwelekeo wa kani ya sumaku) ni wa mwaka 1932. Carl Anderson, huko California, alipiga picha ya njia ya chembe katika chumba cha mawingu (chombo chenye mvuke ambamo chembe huacha mstari wa matone) kilichokuwa ndani ya uga wa sumaku na kukatizwa na bamba la metali ya risasi lenye unene wa milimita 6. Upande mmoja njia ilipinda kidogo, upande wa pili ikapinda zaidi. Na kwa kuwa chembe hupoteza nishati inapopenya risasi, upande uliopinda zaidi ndio ilioingia baada ya kulipenya bamba. Akishajua ilikokuwa ikielekea, aliweza kuisoma chaji yake: chanya. Protoni yenye mkunjo ule ingesimama baada ya milimita 5 hivi hewani, nayo njia hii ilizidi sentimita 5. Ilikuwa positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya. Kwa hiyo ukipewa picha ya namna hiyo katika mtihani, anza kwa kutafuta upande wenye mkunjo mkali.