Maswali na Majibu: Je, pilau ya Krismasi inaweza kupikwa usiku wa kuamkia sikukuu?

Swali: Salaam, mtaalamu. Ninaishi Buswelu, Mwanza, na mwaka huu ndugu wa mume wangu wapatao thelathini watakula Krismasi kwangu, wengine wakitokea Sengerema na Geita. Kila mwaka siku hiyo huniishia jikoni, wageni wakiondoka hata kuwasindikiza siwezi. Safari hii nataka kununua sangara na sato mwaloni kabla bei haijapanda, niwagandishe. Pilau niipike usiku wa tarehe 24 na kuiacha kwenye sufuria kubwa iliyofunikwa, asubuhi niipashe tu. Friza yangu ni ya lita 150 na umeme hukatika mara kwa mara. Je, mpango huu ni salama?

Jibu: Dada yangu, mpango wako una nusu njema na nusu ya hatari, na kwa bahati mbaya nusu ya hatari ndiyo uliyoitegemea ikupunguzie kazi. Samaki wanunue mapema bila wasiwasi, ukifuata utaratibu nitakaoueleza. Pilau usiipike usiku na kuiacha sufuriani.

Mchele mkavu mara nyingi huwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukiwa wa moto kupita nyuzi joto 60 za Sentigredi, vijimbegu hivyo hutulia. Ukiwa baridi chini ya nyuzi joto 5, vilevile hutulia. Lakini katikati ya viwango hivyo huchipua, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu. Jiko la Mwanza halifikii nyuzi 5 hata usiku wa manane mvua ikinyesha. Sufuria ya kilo tano za mchele, iliyopaliliwa makaa juu ya mfuniko kama ilivyo desturi yetu, hupoa taratibu mno, kiasi kwamba alfajiri katikati yake bado pana uvuguvugu, na uvuguvugu huo ndio bakteria wanaoupenda. Kibaya zaidi, sumu inayosababisha kutapika ikishatoka haiondolewi na moto: utaipasha pilau mpaka ifuke mvuke, bakteria watakufa, sumu itabaki. Aliyekula huanza kutapika baada ya nusu saa hadi saa sita, yaani wageni wakiwa bado sebuleni kwako au wakiwa ndani ya basi. Wapo watakaokuambia kwamba wamekula kiporo tangu utotoni na hawajaugua. Kiporo cha sahani moja hupoa upesi, na hicho si kipimo cha sufuria ya watu thelathini.

Hata hivyo, kinachomchosha mpishi wa pilau si mchele. Mchele ukishachambuliwa na kuoshwa, tangu kutiwa kwenye supu hadi kukauka haumalizi saa moja na nusu. Kinachochosha ni kumenya na kukaanga vitunguu, kutwanga saumu na tangawizi, na kungoja nyama ilainike, na kazi hizo zote zinakubali kutangulizwa. Vitunguu vikaange tarehe 22 mpaka viwe vya kahawia, vipoe, uvifunge na kuvigandisha; saumu na tangawizi zisage pamoja na mafuta kidogo, nazo uzigandishe. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zisage na kuzifungia kwenye chupa kavu. Nyama ichemshe jioni ya tarehe 24, kisha usiiache ipoe ndani ya sufuria: itoe na uitandaze kwenye masinia kwa kina kisichozidi sentimita 5, supu uimimine kwenye vyombo vipana ulivyoviweka ndani ya beseni la maji baridi, na vyote viingie kwenye jokofu kabla saa mbili hazijapita. Asubuhi supu ichemke kabisa, ndipo utie mchele. Ukianza saa tatu, saa tano pilau iko tayari na wewe umekwisha kuoga. Kachumbari iachwe mwisho, na mpe mtu mwingine aikate.

Kuhusu samaki, chagua aliye na macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Para magamba, toa matumbo na matamvua siku hiyo hiyo, osha, futa maji, kisha wafunge kwa mafungu ya mlo mmoja yaliyo bapa, ukiisukuma hewa itoke na kuandika tarehe. Sangara ana mafuta mengi kuliko sato, na mafuta huchacha hata ndani ya barafu, kwa hiyo mtumie kabla ya miezi miwili. Kwa majuma mawili au matatu unayokusudia hakuna tatizo. Kosa la kawaida ni kujaza friza kwa siku moja. Friza ya nyumbani humudu kugandisha takriban kilo 1 ya chakula kibichi kwa kila lita 30 za ujazo kwa siku, hivyo yako isipewe zaidi ya kilo 5 kwa siku. Ukizidisha, samaki hugandishwa polepole, chembe kubwa za barafu huchana nyama yake, na ukimkaanga atavurugika kikaangoni. Wanunue kwa awamu. Kuyeyusha kufanyike chini kabisa ya jokofu ndani ya bakuli, kuanzia asubuhi ya tarehe 24, wala si juu ya meza ya jikoni.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hutunza baridi kwa saa 48 hivi, iliyojaa nusu kwa saa 24, jokofu kwa saa 4 tu; ndiyo maana nafasi tupu za friza yako uzijaze chupa za maji. Gandisha pia kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu yake: ukirudi nyumbani ukaikuta imezama chini, ujue vyote viliyeyuka ulipokuwa hupo na vikaganda tena, na samaki hao ni wa kutupwa. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu kinaweza kugandishwa upya, ingawa ladha itapungua.

Jambo moja hukuliuliza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wageni wa Sengerema na Geita hawasubiri tena kivuko, na wengine watabisha hodi mapema, wengine jioni. Usipakue pilau yote mezani kwa saa zote hizo. Mimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, yaache dakika kumi, yamwage, ndipo utie chakula. Pakua kidogo kidogo, iliyobaki ikae juu ya makaa hafifu. Sahani za majirani zipeleke mchana pilau ingali moto, kwa maana zikipelekwa magharibi huwezi kujua zitaliwa saa ngapi. Itakayobaki itandazwe kwenye masinia na kuingizwa kwenye jokofu ndani ya saa mbili, iliwe kesho yake, tarehe 26, baada ya kupashwa mara moja tu mpaka ifuke mvuke hadi katikati.